Ada ya Uanachama Ili Ununue kwa Bei ya Jumla: Inalipa Ama Inakula Hela Yako?

Siku hizi karibu kila mtaa wa Homa Bay kuna kundi la kununua pamoja. Mnatoa kiingilio, mnatoa ada kila mwezi, halafu unga, sukari na mafuta vinaletwa kwa bei ya jumla kutoka Kisumu au Kisii. Wengine wanaita chama cha shopping, wengine wanaanzisha tu group ya simu na kutuma namba ya till. Wateja wetu wametuuliza swali moja mara nyingi: nikijiunga, nitaokoa kweli ama nitakuwa nalipia jina tu?

Jibu fupi: inategemea unakula kiasi gani, sio bei ni nafuu kiasi gani. Leo tunakuonyesha jinsi ya kupiga hesabu mwenyewe kabla hujatuma hata shilingi moja.

Wazo lenyewe lilitoka wapi?

Kulipa ili uruhusiwe kununua sio jambo geni duniani. Mwaka 1976, huko San Diego, Marekani, Sol Price alifungua Price Club ndani ya jengo lililokuwa la ndege. Wateja wake wa kwanza walikuwa wafanyabiashara wadogo: watu wa maduka na mikahawa waliotaka mzigo mkubwa kwa bei ya chini. Costco ilifuata mwaka 1983 pale Seattle, na mwaka 1993 kampuni hizo mbili zikaungana.

Kwenye maduka hayo bidhaa huuzwa kwa faida ndogo sana, na sehemu kubwa ya faida ya kampuni hutoka kwenye ada ya wanachama. Tangu Septemba 2024, uanachama wa kawaida wa Costco kule Marekani ni dola 65 kwa mwaka. Ule wa juu ni dola 130, na mwanachama anarudishiwa asilimia 2 ya manunuzi yake mengi. Ukipiga hesabu, zile dola 65 za ziada zinarudi ukishanunua vitu vya dola 3,250. Ukinunua chini ya hapo, umempa mwenye duka zawadi.

Kanuni ni ileile hapa kwetu. Ada unailipa hata mwezi ambao hujanunua kitu. Faida unaipata tu ukinunua. Kwa hivyo swali la kwanza ni: nikinunua kiasi gani ndio ada yangu inarudi?

Hesabu ya kwanza: ada irudi lini?

Chukua ada ya mwaka, igawe kwa kiasi unachookoa kwa kila pakiti.

Tuseme ada ni shilingi 100 kwa mwezi, yaani 1,200 kwa mwaka. Tuseme pia kwa wastani unaokoa shilingi 15 kwa kila pakiti ya unga au kilo ya sukari. 1,200 gawa kwa 15 ni 80. Lazima ununue vitu 80 ndani ya mwaka ndio urudishe ada peke yake. Kwa unga, hizo ni karibu bale 7 za pakiti 12. Faida yako inaanza na kitu cha 81.

Familia inayosonga ugali mara mbili kwa siku itafika hapo haraka. Mtu anayeishi peke yake na kula chakula cha mchana kazini huenda asifike kabisa.

Hesabu ya pili: gharama ambazo hazitajwi kwenye group

Ujumbe wa kukaribisha wanachama huwa unataja bei mbili tu: bei ya duka na bei ya chama. Kuna vitu vingine vinne katikati.

*Usafiri.* Mzigo ukishushwa stage, nani anaulipia hadi kwako? Kama unaishi Makongeni na mzigo uko mjini, boda ya kubeba bale na mtungi wa mafuta hailingani na ile unayopanda ukiwa mikono mitupu.

*Gharama ya kutuma hela.* Ukituma kwa namba ya mtu binafsi unakatwa. Ukituma mara nne kwa mwezi, unakatwa mara nne. Ukilipa kwa till, kwa kawaida mnunuzi hakatwi. Uliza mapema kundi linapokea kwa njia gani.

*Kuharibika.* Unga una tarehe. Mahindi yana dumuzi. Kama kundi linanunua magunia ya mahindi, hakikisha yamekauka vizuri, unyevu usizidi asilimia 13.5, la sivyo kuvu huingia na sumu ya aflatoksini nayo. Hiyo sumu huioni kwa macho, na kuchemsha hakuiondoi. Gunia la bei poa ambalo huwezi kula ni hasara mara mbili.

*Kutumia zaidi kwa sababu kipo.* Hii ndiyo inayotuponyoka wengi. Sukari ikiwa ya robo kilo, chai inapimwa kwa kijiko. Ikiwa ya mfuko mzima, kila mtu anajipimia. Ukiokoa shilingi 15 kwa kilo halafu nyumba ikatumia kilo moja zaidi kwa mwezi, umeokoa nini?

Mifano mitatu

Bei hapa chini ni za mfano. Weka za kwako, kwa sababu bei za unga na sukari hubadilika kila msimu.

1. Familia ya watu sita, Sofia. Kwa mwezi wanatumia pakiti 12 za unga, sukari kilo 6 na mafuta lita 4.

- Unga: dukani 160, chamani 145. Wanaokoa 180.
- Sukari: dukani 165, chamani 150. Wanaokoa 90.
- Mafuta: dukani 300 kwa lita, chamani 270. Wanaokoa 120.

Jumla ni shilingi 390 kwa mwezi. Mwenye kundi atakuambia hiyo ni 4,680 kwa mwaka, na hajasema uongo. Sasa toa ada 100, boda 100 na gharama ya kutuma 25. Inabaki 165 kwa mwezi, sawa na 1,980 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza toa pia kiingilio cha 500. Wanabaki na 1,480.

Kwa familia hii inalipa. Lakini ni karibu theluthi moja tu ya kile walichoahidiwa.

2. Mwalimu anayeishi peke yake. Pakiti 3 za unga, sukari kilo 2, mafuta lita 1. Anaokoa 45, 30 na 30, jumla 105. Ada ni 100, boda 50, kutuma 15. Jumla ya gharama ni 165. Kila mwezi anapoteza shilingi 60, na bado hatujahesabu kiingilio. Huyu tungemshauri aendelee na duka la jirani. Hata akiungana na majirani wawili kama yeye kwa uanachama mmoja, wataokoa 315, watatoe ada 100, boda 100 na kutuma 25, wabaki na 90 ya kugawana watatu. Shilingi 30 kila mtu haifai kuleta maneno kwenye ploti.

3. Mama anayepika chapati. Kwa wiki anatumia pakiti 24 za unga wa ngano. Akiokoa shilingi 12 kwa pakiti, hiyo ni 288 kwa wiki, au 1,152 kwa wiki nne. Ada ya 100 anairudisha wiki ya kwanza. Hata akilipa mkokoteni kila wiki, bado anabaki na kitu cha maana. Wafanyabiashara wadogo ndio duka la Sol Price lilianza nao, na kwa kibanda au hoteli ndogo hesabu hii hukubali mara nyingi kuliko kwa nyumba.

Kabla ya chama, angalia kadogo

Hapa ndipo tunaona watu wengi wanaweza kuokoa bila kulipa ada ya mtu yeyote.

Tuseme unanunua sukari robo kilo kwa shilingi 50. Kwa kilo hiyo ni 200. Pakiti nzima ya kilo dukani ni 165. Ukihama tu kutoka kadogo hadi pakiti, umeokoa 35 kwa kilo. Chama kitakuongezea 15 nyingine. Yaani hatua kubwa zaidi haina kiingilio, haina mkutano na haina boda.

Mafuta ya kupimiwa ni vilevile. Kipimo cha mililita 100 kwa shilingi 40 ni sawa na 400 kwa lita. Chupa ya lita ni 300.

Tunajua kwa nini watu wananunua kadogo: hela ya leo ndiyo iliyopo. Mvuvi au muuzaji wa omena analipwa kwa siku, na uvuvi wa omena unapofungwa kati ya Aprili na Julai, hata hiyo ya siku hupungua. Dawa yake ni kuweka kidogo kidogo. Tenga shilingi 20 au 30 kila siku kwenye akiba ya simu, sehemu tofauti na hela ya matumizi. Baada ya wiki moja au zaidi kidogo una pakiti. Haba na haba hujaza kibaba.

Usikope ili ununue jumla

Kuna wakati mzigo unafika na simu haina kitu. Unachukua mkopo wa simu, unalipa, unajiambia utarudisha mwisho wa mwezi.

Rudi kwa ile familia ya Sofia. Faida yao safi ni 165 kwa mwezi. Tuseme mkopo unakatwa shilingi 20 kwa siku. Siku ya nane wameshakatwa 160. Siku ya tisa ni 180, na sasa wameingia hasara. Kila siku inayofuata wanakula hela ambayo ilikuwa yao.

Hata bila mkopo, jiulize hela hiyo ilikuwa na kazi gani. Kufunga shilingi 4,000 kwenye unga wiki moja kabla shule hazijafunguliwa kunaweza kukuacha na chakula cha mwezi nyumbani na mtoto aliyerudishwa kwa sababu ya fee.

Kabla ya kutuma kiingilio

Makundi mengi yanaendeshwa na watu waaminifu. Bado, pesa yako ni jasho lako. Angalia haya:

1. Jina kwenye simu. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Kama kundi linaitwa kitu kimoja na jina ni la mtu usiyemjua, simama kwanza.
2. Usajili. Kenya ina sheria ya usajili wa makundi ya jamii ya mwaka 2022. Kundi lililosajiliwa lina cheti. Omba kukiona.
3. Faida inatoka wapi? Ikiwa unaambiwa utalipwa kwa kuleta watu wapya, hapo hakuna unga wala sukari. Hela ya anayeingia leo ndiyo inamlipa aliyeingia jana, na wa mwisho hubaki mikono mitupu.
4. Kutoka. Ukihama au ukikosa hela miezi miwili, kiingilio kinarudi? Akiba yako je? Pata jibu kwa maandishi.
5. Mizani. Pima mwenyewe kile kilichogawanywa. Gunia likifunguliwa na kupimwa kwa gorogoro, gorogoro iliyobonyezwa pembeni inakula faida yote.
6. PIN ni yako peke yako. Hakuna mweka hazina anayehitaji PIN yako ili akuandikishe, na sisi pia hatutawahi kukuomba.

Fanya hivi wiki hii

Fungua programu yetu na uombe stetimenti ya miezi 3 iliyopita. Weka alama kila malipo ya duka la chakula, jumlisha, gawanya kwa 3. Sasa unajua unatumia kiasi gani kwa mwezi kwa kweli, sio kwa kukisia.

Halafu chukua karatasi, uandike vitu vitano unavyonunua kila mwezi bila kukosa. Kando ya kila kimoja andika bei ya duka, bei ya chama na kiasi unachotumia. Toa ada, usafiri na gharama ya kutuma.

Ikibaki chini ya shilingi 100 kwa mwezi, acha kwanza. Anza na kuhama kutoka kadogo. Ikibaki zaidi ya hapo, na kundi limepita yale maswali sita, jiunge, lakini jaribu miezi mitatu kisha upige hesabu tena kwa risiti zako mwenyewe. Kile unachookoa kihamishie kwenye akiba siku hiyohiyo. Kikibaki kwenye hela ya matumizi kitaisha, na mwisho wa mwaka hutajua kama ulikuwa mwanachama au la.