ELIMU YA AFYA: Kukoma kwa Muwasho Siyo Kupona

Matumizi sahihi ya dawa za kupaka za fangasi

Fangasi wa ngozi ni ugonjwa unaofahamika katika kila kaya. Unapojitokeza mwilini kwa umbo la duara huitwa mashilingi au choa. Unapokuwa kichwani mwa mtoto huitwa mapunye. Wengine huupata katikati ya vidole vya miguu au kinenani, mahali penye joto na unyevu.

Wapo wananchi wanaonunua tyubu ya dawa, wakapaka kwa siku nne au tano, wakapata nafuu na kuiweka kando. Wiki chache baadaye duara hurudi palepale, likiwa pana kuliko awali. Lawama huangukia dawa, ilhali mara nyingi kosa lipo kwenye kuacha mapema au kuchagua tyubu isiyostahili.

Kwa nini ugonjwa hurudi

Vimelea vya fangasi huishi katika tabaka la juu kabisa la ngozi. Tabaka hilo hubanduka na kujifanya upya taratibu, kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Dawa inapoanza kufanya kazi, muwasho na wekundu hupungua ndani ya siku chache, lakini vimelea vingine huwa bado vimo. Mgonjwa akiacha dawa wakati huo, vimelea vilivyosalia huanza upya. Kwa hiyo muwasho ukikoma, tiba huwa bado haijakamilika.

Namna ya kupaka

Dawa zinazotumika zaidi ni krimu za klotrimazoli na mikonazoli, pamoja na marhamu ya Whitfield, ambayo ni mchanganyiko wa asidi ya benzoiki na asidi ya salisili. Marhamu hii huweza kuchoma. Isipakwe kwenye vidonda, usoni wala sehemu za siri.

1. Osha sehemu yenye ugonjwa kwa maji na sabuni, kisha ikaushe vizuri, hasa katikati ya vidole.
2. Paka dawa kiasi kidogo, asubuhi na jioni. Kupaka nyingi hakuharakishi kupona.
3. Vuka ukingo wa duara kwa sentimita mbili hivi. Vimelea hustawi zaidi kwenye ukingo, hata kama katikati panaonekana pamepona.
4. Nawa mikono baada ya kupaka.
5. Endelea kwa wiki mbili hadi nne, kama ulivyoelekezwa na mtoa huduma, na usiache kabla ya wiki moja hadi mbili kupita tangu ngozi ionekane safi.

Tahadhari kuhusu krimu zenye steroidi

Baadhi ya krimu zinazouzwa kwa ajili ya muwasho zina steroidi, kama vile betamethasoni au klobetasoli, na nyingine huchanganywa na dawa ya fangasi katika tyubu moja. Steroidi hutuliza muwasho upesi, na hapo ndipo mgonjwa hudanganyika. Hupunguza nguvu ya ngozi ya kupambana na vimelea, navyo husambaa kimyakimya. Duara hupoteza umbo lake, hata mtaalamu akapata shida kulitambua. Zikitumika kwa muda mrefu, ngozi huwa nyembamba na kuota michirizi isiyofutika. Kabla ya kulipia, mwulize mfamasia au muuzaji wa dawa iwapo tyubu hiyo ina steroidi.

Wakati wa kufika zahanati

Mapunye hayaponi kwa dawa ya kupaka pekee, kwa kuwa vimelea huwa vimeingia hadi kwenye mizizi ya nywele. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa. Fangasi wa kucha nao mara nyingi huhitaji dawa ya kumeza. Afike zahanati pia mwenye fangasi walioenea sehemu kubwa ya mwili, mwenye ngozi inayotoa usaha, mwenye kisukari au upungufu wa kinga, mjamzito, na yeyote aliyetumia dawa kwa usahihi kwa wiki mbili bila nafuu.

Kinga ndani ya kaya

Tiba ya mtu mmoja huwa bure iwapo taulo, kitana na kofia vinatumiwa na wote. Kila mmoja awe na vyake, na nguo na mashuka ya mgonjwa yafuliwe, yaanikwe juani na kupigwa pasi. Wanyoaji wasafishe mashine zao kila baada ya mteja. Ndama, mbwa na paka wenye mabaka yaliyonyonyoka manyoya wapelekwe kwa mtaalamu wa mifugo, kwani nao huambukiza binadamu.

Mzazi mwenye mtoto anayejikuna asione haya kumpeleka zahanati. Fangasi si aibu wala dalili ya uchafu wa nyumba. Ni ugonjwa unaotibika, mradi dawa iwe sahihi na itumike hadi mwisho.