Vidokezo: Mbane Mchakachuaji wa Maziwa kwa Vipimo

Unapokea maziwa kwa madumu, kituoni au mgahawani? Anayeyachakachua anakijua kipimo chako. Usiwe na kimoja tu.

1. Koroga dumu kwanza. Krimu hupanda juu, na sampuli ya juujuu haisemi kweli. Pima dumu la kila mfugaji kabla hujachanganya.

2. Laktomita iende na kipimajoto. Maziwa halisi ya ng'ombe husoma 28 hadi 32 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Kila nyuzi inayozidi, ongeza 0.2: yakisoma 28 kwenye nyuzi 25, hesabu 29. Yaliyokamuliwa sasa hivi yana joto na hewa, yasubiri. Vinginevyo utamwonea mtu.

3. Jihadhari na mjanja wa krimu. Maji hushusha kipimo cha laktomita, kuengua krimu hukipandisha. Akifanya yote mawili, namba inarudi palepale. Hapo pima mafuta kwa njia ya Gerber, kisha omba maabara ipime nyuzi ambazo maziwa hugeuka barafu. Ni karibu -0.54, na kadiri maji yanavyozidi ndivyo namba inavyosogelea sifuri. Chumvi na sukari huivuruga hata hiyo, kwa hiyo visome vipimo vyote kwa pamoja.

4. Unga? Chemsha maziwa kidogo, yapoe kabisa, dondoshea iodini. Yakigeuka bluu iliyokoza, kuna wanga.

5. Spiriti ya asilimia 68, kiasi sawa na maziwa, hutoa mabonge kama yameanza kuchacha au kiwele kinaugua. Maji haiyaoni.

6. Usiamini namba ya protini peke yake. Mwaka 2008 nchini China, maziwa yaliyotiwa maji yaliongezwa kemikali ya melamini. Kipimo kilihesabu naitrojeni tu, melamini imejaa naitrojeni, na yakapita. Watoto wachanga sita walikufa na karibu 300,000 waliugua. Hili lisisahaulike kamwe.

7. Mabaki ya antibiotiki hayana rangi wala harufu. Kwenye kipimo cha Delvotest, bakteria huachwa wakue ndani ya maziwa kwa nyuzi 64, karibu saa 3. Zambarau ikigeuka njano, ni salama. Ikibaki zambarau, dawa imewazuia.

8. Formalini, kemikali inayotiwa ili maziwa yasiharibike, waachie wataalamu, kwani kipimo chake hutumia asidi kali. Sampuli unayowapelekea ikae kwenye barafu, na chupa iandikwe jina, tarehe na saa mbele ya mfugaji mwenyewe.