Mali ya Kampuni na Mlango wa Chuo

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Amma baad. Ndugu Muislamu, chuo hakiendi ila kwa mali: mwalimu ana watoto wa kulisha, na paa likivuja halijizibi. Basi huja kampuni ikasema: tutajenga darasa, tutalipa ada, ila jina letu liandikwe ukutani. Je, wenye chuo wajibu nini?

Jua ya kwamba haifai kuipokea kila mali, wala kuikataa kila kampuni. Yapasa kwanza kuuliza mambo matatu.

La kwanza: mali hii yatoka wapi? Makureshi walipoijenga upya Al-Kaaba, kabla ya Mtume wetu (s.a.w.) kupewa utume, walijifunga wasitie ndani yake ila chumo safi. Mali ikawapungukia, wakaiacha Hijri nje ya jengo, na mpaka leo iko nje. Watu wa jahilia waliona ni afadhali Nyumba ipungue kuliko itimizwe kwa fedha chafu, sisi je?

Mwaka 2020 kampuni ya bia ya Serengeti ilianzisha mpango wa kuwalipia ada wanafunzi wa vyuo vya kilimo katika Tanzania. Haja ya mwanafunzi maskini ni ya kweli. Lakini chuo cha Kiislamu kitamkataza vipi kijana ulevi, hali darasa lake limejengwa kwa faida ya ulevi? Wala hatusemi haya kwa sababu ya dini ya mtoaji. Mtume alipokea hidaya ya Mukaukisi wa Misri, naye hakuwa Muislamu. Kitazamwacho ni chumo. Hata mkataba wa mataifa juu ya tumbaku, wa mwaka 2003, unazitaka nchi zipige marufuku ufadhili wa makampuni ya tumbaku.

La pili: ahadi na masharti yameandikwa? Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratil Baqara, aya ya 282, kuliandika deni la muda, lingawa dogo. Tazama Kisarawe. Kampuni ya Kiingereza, Sun Biofuels, ilitaka ardhi ya kupanda mibono, ambayo mbegu zake hukamuliwa mafuta. Ikapata zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11, kwa hati ya miaka 99. Wanakijiji waliahidiwa skuli, zahanati, visima na kazi. Nyingi katika ahadi hizo zikabaki midomoni. Mwaka 2011 kampuni ikaanguka, shamba likapita mikononi mwa wengine, na wenye ardhi wakabaki wakitazama.

Kisha tazama jirani yake, Kibaha. Mwaka 1963 Denmaki, Ufini, Norwe na Uswidi zilifanya mkataba na serikali ya Tanganyika. Ikajengwa skuli, kituo cha afya na mahali pa kufundishia wakulima. Mwaka 1970 wafadhili wakakabidhi vyote kwa Tanzania, na Shirika la Elimu Kibaha lingalipo. Tofauti ni hii: huku palikuwa na maandiko, na mgeni alikabidhi akaondoka, kule palikuwa na maneno, na mwenyeji ndiye aliyeondoka katika ardhi yake.

La tatu: je, kesho tutaweza kusema haki juu ya mtoaji? Kiwanda kikimwaga taka mtoni, na mwalimu akanyamaza kwa sababu ya paa alilopewa, basi hakupewa paa. Ameuza ulimi wake.

Suali: Na kampuni yenye biashara ya halali na ya haramu pamoja?

Jawabu: Imamu Nawawi ametaja kwamba kupokea kwa mtu ambaye mali yake nyingi ni haramu ni makuruhu, maadamu kile unachopewa hakijulikani kuwa ndicho haramu chenyewe. Basi aliye na njia nyingine na aiepuke. Na aliyedharurika asikubali jina ukutani wala sharti la kunyamaza.

Wala neno hili lisikatwe na mtu mmoja faraghani. Masharti yasomwe mbele ya wazee, walimu na wazazi baada ya sala ya Ijumaa. Sharti lisilosomeka mbele ya watu halifai kutiwa sahihi.

Na chuo kikibaki kidogo kwa ajili ya hayo, kumbukeni Hijri: iko nje ya kuta, wala haikuitoa Nyumba utukufu wake.

Wabillahi ttaufiq.