Spana ya Bei Kubwa: Faida au Hasara?

Tuseme umeuza mahindi na sasa uko dukani. Unataka spana namba 15 ya kufungulia nati za gurudumu la nyuma la baiskeli yako. Mwenye duka anakuwekea mbili mezani. Moja ni sh. 3,000. Nyingine ni sh. 12,000. Zote zinang'aa. Utachukua ipi?

Tofauti yake ni sh. 9,000. Hizo ni fedha za madaftari ya mtoto. Basi tusikisie, tupige hesabu.

Kwanza, fundi wa baiskeli. Yeye hufungua nati kila siku. Tuseme spana rahisi inamfaa miezi 6, halafu mdomo wake unapanuka. Kwa mwaka atanunua 2, yaani sh. 6,000. Kwa miaka 3 ni sh. 18,000. Spana nzuri ikidumu miaka hiyo 3, ametumia sh. 12,000 tu. Haba na haba hujaza kibaba, na hasara nayo hujaa hivyo hivyo.

Tena spana iliyopanuka mdomo hula pembe za nati. Nati ikishaliwa inakuwa mviringo, na spana ya kawaida haiishiki tena vizuri. Huenda ikabidi ikatwe. Mwenye baiskeli atamdai fundi nati mpya, na kesho atakwenda kwa fundi mwingine. Kwa fundi, spana nzuri ni faida.

Pili, mkulima. Yeye hufungua gurudumu labda mara 4 kwa mwaka. Kwake spana ya sh. 3,000 inaweza kutosha miaka mingi, mradi iishike nati vizuri. Kama haiishiki, majirani 10 wachange sh. 1,200 kila mmoja, wanunue ile nzuri. Mmoja aitunze, na awe na daftari. Aandike jina la aliyeazima, siku ya kuichukua na siku ya kuirudisha. Kisomo chetu ndiyo kazi yake hiyo.

Lakini bei kubwa peke yake si ushahidi wa uzuri. Kabla ya kulipa, fanya hivi:

1. Nenda dukani na nati ya baiskeli yako. Ijaribu ndani ya spana. Isicheze.

2. Soma namba. Namba hiyo ni upana wa nati kwa milimita. Spana namba 14 haiingii kwenye nati ya 15. Namba 16 inaingia, lakini inacheza na italiharibu umbo la nati.

3. Tafuta herufi Cr-V. Maana yake ni chuma kilichochanganywa na kromi na vanadi ili kiwe imara. Lakini hata mdanganyifu anaweza kupiga herufi, kwa hiyo usiache kujaribu kwa nati.

4. Usidanganywe na kung'aa. Huko ni kupakwa kwa nje tu.

Vifaa vingine havihitaji bei kubwa. Vyuma vya kutolea tairi vya bei rahisi vinafaa, mradi ncha zake ziwe laini. Usitumie bisibisi, itatoboa tyubu. Pampu nayo, chagua inayofunguka, ili ngozi ya ndani ikikauka uipake mafuta au uibadili.

Basi tukumbuke: kifaa cha kila siku, nunua kizuri. Kifaa cha mara moja moja, nunua rahisi kinachofaa, au changieni.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Wewe hufungua nati za baiskeli yako mara ngapi kwa mwaka?

2. Fundi hununua spana ya sh. 2,500 kila miezi 4. Kwa miaka 2 atatumia shilingi ngapi? Ingekuwaje kama angenunua moja ya sh. 10,000 inayodumu miaka hiyo 2?

3. Katika mtaa wenu, ni kifaa gani mnachoweza kununua kwa pamoja? Nani atakitunza?