Rovu, Upasuaji na Sauti ya Mgonjwa

Kikundi kimoja tunachokitembelea kilichanga pesa ili mwenzao, mama anayeuza mboga sokoni, apasuliwe rovu. Pesa zikapatikana, akapasuliwa, kidonda kikapona vizuri. Lakini mama alirudi nyumbani akiongea kwa kunong'ona, na kila akinywa maji yanampalia. Wengine wakaanza kusema amerogwa. Sisi tuliomsindikiza tuliona haya, maana hatukuwa tumemuuliza daktari swali hata moja juu ya sauti.

Basi tujifunze. Rovu ni kuvimba kwa tezi iliyo mbele ya koo la pumzi. Nyuma ya tezi hiyo, kila upande, hupita neva nyembamba kama uzi. Hizo ndizo zinazoamuru nyuzi mbili za sauti zifunguke tukivuta pumzi na zikutane tukisema. Wakati wa kutoa tezi, neva yaweza kuvutwa au hata kukatwa. Upande mmoja ukilegea, sauti inakwaruza. Pande zote mbili zikilegea, pumzi yenyewe inaziba. Kwa hiyo mgonjwa aliyepasuliwa akianza kukoroma akiwa macho, mrudisheni hospitali saa hiyo hiyo, msingoje kesho.

Kwa kawaida daktari huangalia nyuzi hizi kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani. Wengi hawaipendi, na si kila hospitali inayo. Njia nyingine ni altrasaundi, ile ile wanayoijua akina mama wajawazito. Mpimaji hupaka jeli mbele ya shingo, huweka kifaa juu ya gegedu la koo, kisha humwambia mgonjwa apumue, halafu aseme “iii”. Kwenye kioo nyuzi huonekana kama mlango wa mabawa mawili. Bawa moja lisiposogea, upande huo una shida. Hakuna sindano, wala miali kama ya eksirei.

Lakini tusidanganyane: lazima mpimaji awe amefundishwa kazi hiyo. Tena kwa wanaume wazee mara nyingi gegedu huwa limekauka kama mfupa, picha inaweza isitoke vizuri, na hapo itabidi wakubali kamera. Wanawake, ambao ndio wengi wenye rovu, huonekana vizuri zaidi.

Kwa nini kupima kabla? Kwa sababu uzi mmoja waweza kuwa umelala tayari na sauti isibadilike. Daktari akijua hivyo, atauchunga sana ule upande mzima.

Yule mama alipopimwa, uzi wa kulia ulikuwa umelala. Neva iliyovutwa tu mara nyingi hupona yenyewe baada ya wiki au miezi, na yeye sauti ilimrudia mwezi wa tano. Siku hizi anaitia wateja kama zamani.

Kwa majadiliano: Je, kuna mwenzenu aliyepasuliwa shingo ambaye sauti yake haijarudi? Amerudi kupimwa? Na mkimchangia mgonjwa mwingine, nani ataingia naye kwa daktari kuuliza nyuzi za sauti zitaangaliwa lini?