Kumpeleka Mzazi Mombasa Bila Haraka: Somo la Bajeti kwa Familia

Je, mzazi wako amewahi kuona bahari? Huku kwetu Nakuru, Njoro, Molo na Subukia wapo wazee wengi waliosomesha watoto kwa mahindi, maziwa na viazi, lakini Mombasa wanaijua kwa picha ya kalenda tu. Kila mwaka watoto husema, "Mwaka huu lazima tumpeleke." Halafu karo inaingia, Desemba inapita, na magoti ya mzee yanazidi kuuma.

Kwa hivyo leo wacha tupange hiyo safari mpaka mwisho, na hesabu yake yote.

Kwanza tuelewane jambo moja. Safari ya mzee haipangwi kama ya vijana. Kijana anaweza kutoka Nakuru mchana, apande treni ya usiku Nairobi, ashuke Miritini kabla ya kupambazuka na saa tatu asubuhi awe ufuoni. Mama wa miaka 74 akifanya hivyo, siku mbili za kwanza atazimaliza kitandani. Uchovu una bei. Usipoulipia mapema kwa kununua mapumziko, utaulipia baadaye kwa teksi ya dharura, dawa na likizo iliyoharibika. Ndiyo maana katika bajeti hii mapumziko yanaandikwa kwanza, mengine yanafuata.

Hatua ya 1: Panga siku kulingana na nguvu zake

Tuseme ni safari ya watu wawili, mzazi na mtoto mmoja, siku saba.

Siku ya 1: Nakuru hadi Nairobi. Ni kama kilomita 160. Tokeni baada ya kiamshakinywa, si alfajiri. Mkikodi gari na kupitia barabara ya chini ya Mai Mahiu, simameni kwenye lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Mzee atanyoosha miguu na kuona Bonde la Ufa ametulia. Lalani Nairobi, karibu na Syokimau ikiwezekana, kwa sababu stesheni ya treni iko huko.

Siku ya 2: Treni ya asubuhi. Inasimama njiani na inachukua muda mrefu kidogo kuliko ile ya moja kwa moja, lakini mnasafiri mchana, mzee anaona Tsavo kupitia dirishani, na mnafika kukiwa bado na mwanga. Thibitisheni ratiba kabla ya kukata tiketi.

Siku ya 3: Hakuna mpango. Ndiyo, hakuna. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na mwili unaposhuka hadi pwani unahitaji muda kuzoea joto. Maji ya kunywa, kivuli, usingizi.

Siku ya 4 na ya 5: Jambo moja kwa siku, asubuhi au jioni, jua likiwa limepoa. Siku moja Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Siku nyingine ufuoni tu, mzee akae kwenye kiti na maji yamfikie miguuni.

Siku ya 6: Treni ya kurudi, mlale tena Nairobi. Siku ya 7: Nyumbani.

Mkitaka kukaa Diani badala ya kisiwani, fahamuni kwamba tangu 2024 barabara ya Dongo Kundu inawatoa upande wa Miritini hadi pwani ya kusini bila kupanga foleni ya feri ya Likoni. Kwa mtu ambaye hawezi kusimama sana, hilo ni jambo kubwa.

Kuhusu mwezi: Aprili na Mei pwani ina mvua nyingi, na Desemba tiketi za treni huisha haraka. Julai mapema au Septemba ni afadhali, joto limepungua na watu si wengi sana.

Hatua ya 2: Andika bei ya kila kitu

Tangu Januari 2024, nauli ya treni Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 kwa daraja la kawaida na 4,500 kwa daraja la kwanza. Viti vya daraja la kawaida vinatazamana na magoti yanakaribiana. Kijana atavumilia, mzee mwenye maumivu ya goti itamsumbua. Katika mfano wetu tumechagua daraja la kwanza. Hizo nyingine ni makadirio yetu tu, wewe weka bei utakazopata:

Treni, watu wawili, kwenda na kurudi: 18,000
Malazi, usiku 6 kwa 3,000: 18,000
Chakula, siku 7 kwa 1,500: 10,500
Matatu, teksi na tuktuk: 8,500
Pesa ya mzee mwenyewe: 5,000
Akiba ya dharura: 12,000
Jumla: 72,000

Usishtuke. Mkiwa ndugu wanne na mwanze kuchanga Januari, ni shilingi 3,000 kila mmoja kwa mwezi, na mwisho wa Juni pesa iko tayari. Mkichagua daraja la kawaida mnaokoa 12,000, na mchango unashuka hadi 2,500. Lakini msiokoe kwa kufuta ile siku ya kupumzika wala akiba ya dharura. Hizo mbili ndizo zinazolinda safari yote.

Chagueni mweka hazina mmoja, na pesa ikae kwenye akaunti ya akiba ya simu iliyotengwa, isichanganywe na pesa ya matumizi ya kila siku. Kila mwisho wa mwezi atume salio kwenye grupu ya familia. Ndugu hugombana kwa sababu ya pesa wasiyoiona.

Jambo lingine: mwonyesheni mzazi hesabu hii mapema. Wazee wengi hukataa kusafiri wakiogopa kwamba watoto wanakopa kwa ajili yao. Akiona imechangwa kidogo kidogo bila deni, atakubali kwa moyo mweupe.

Hatua ya 3: Lipia mapema, lipia salama

Tiketi ya treni unaweza kukata kwa simu kupitia *639# na kulipa hapo hapo. Andika jina na namba ya kitambulisho sawasawa, kisha siku ya safari kila mmoja abebe kitambulisho chake. Fikeni stesheni angalau saa moja kabla, kwa sababu mizigo inakaguliwa kwa mbwa na kwa mashine. Mzee akishindwa kutembea mbali, mwambieni mhudumu mara mnapofika.

Kwenye malazi ndiko watu hulizwa. Unaona picha za nyumba nzuri ya ufuoni, bei ya chini kabisa, halafu unaambiwa "tuma deposit sasa hivi, kuna mteja mwingine anangoja." Ukiharakishwa hivyo, simama. Omba Till au Paybill yenye jina la biashara. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama ni jina la mtu usiyemjua ilhali unalipa hoteli, usiendelee. Tafuta namba ya hoteli kwa njia nyingine, piga, uliza kama chumba chako kipo. Uliza pia kama kuna ngazi na choo kiko wapi.

Hatua ya 4: Mzee ashike pesa yake

Hapa ndipo familia nyingi huteleza. Mtoto analipa kila kitu, na mzazi anafuata nyuma kama mtoto mdogo. Anatamani leso ya kumpelekea jirani, anaona haya kuomba. Anarudi nyumbani amelishwa vizuri, lakini hakuwa na sauti.

Ndiyo maana kwenye bajeti kuna 5,000 za mzee. Mtumieni kwa laini yake mwenyewe kabla ya kuondoka, na msimuulize amezitumiaje. Akitaka kuwanunulia wajukuu halua, ni pesa yake. Akitaka kuwalipia ninyi chai, mwacheni alipe. Mpokee na mseme asante.

Kama hajazoea kulipa kwa simu, mfundisheni nyumbani kwa duka analolijua, siku tatu au nne kabla ya safari. Alipe sukari kwa Till, aone ujumbe, asikie mwenye duka akisema, "Imefika, mama." Kujifunzia kwenye foleni ya watu Mombasa ni kumwaibisha.

PIN iwe yake peke yake. Hata wewe mtoto usiijue. Na mwambieni mapema: mtu akipiga simu akidai ametuma pesa kwa makosa, au anatoka kwa kampuni na anataka PIN, akate simu. Kisha aangalie salio lake mwenyewe. Sisi hatuombi PIN ya mteja, kwa simu wala kwa ujumbe.

Hatua ya 5: Siku yenyewe ya safari

Usiweke pesa zote kwa simu moja. Gawa kati ya simu mbili, maana chaji huisha na simu huibiwa. Beba pesa taslimu kidogo, noti za 50 na 100, za choo, tuktuk na maji. Toa hizo kwa wakala wa mtaani kwenu ukiwa umetulia, si stesheni ukiwa na mizigo. Dawa za mzee zikae kwenye mkoba wa mkononi, zitoshe siku zote na mbili za ziada. Kama anatumia dawa za presha au sukari, muulizeni daktari wake kuhusu joto la pwani kabla ya kukata tiketi.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai.

Kazi yako wiki hii ni tatu. Muulize mzazi angependa kuona nini, na uandike jibu lake, si lako. Wapigie ndugu zako mkubaliane mchango na mweka hazina. Kisha tuma mchango wa kwanza, hata kama ni 500. Mwaka huu uwe ndio huo mwaka.