Kuchagua Difu ya Nyuma kwa Gari la Njia Mbovu

Somo hili linamhusu mwananchi wa Unguja mwenye gari la kazi, kama vile Toyota Hilux, Land Cruiser au Suzuki Escudo, ambaye ameshauriwa kubadilisha difu ya nyuma, ama kwa sababu iliyopo imeharibika, ama kwa sababu gari lake hukwama mara kwa mara. Difu ni kipuri cha gharama kubwa, na sehemu zake muhimu zimefichika. Kwa hiyo kosa la kuchagua huonekana baada ya fedha kulipwa, na pengine baada ya ajali.

1. Kazi ya difu

Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri masafa marefu kuliko la ndani. Difu huyaruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa mwendo tofauti huku yote yakipokea nguvu ya injini. Sifa hiyo ndiyo pia udhaifu wake. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa. Haiwezi kulipa gurudumu lililoshika ardhi nguvu iliyozidi ile inayohimiliwa na gurudumu linaloteleza. Gurudumu moja likining'inia juu ya jiwe, hilo huzunguka bure, na la pili lililokanyaga ardhi husimama.

2. Itazame kwanza njia unayoipita

Barabara kuu zitokazo mjini kwenda Nungwi, Paje na Makunduchi zina lami. Taabu huanza pale dereva anapoiacha lami, na kila ardhi ina dawa yake.

Mawe ya matumbawe: Upande wa mashariki na kusini wa kisiwa, udongo ni haba na mwamba ni mkali. Hapa gurudumu huinuka mara kwa mara, na difu yenye loki husaidia kuliko mahali pengine popote.

Mchanga wa pwani: Magurudumu yote huzama pamoja. Dawa ya kwanza ni kupunguza upepo wa mipira, kisha kuujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami. Hatua hii haina gharama.

Matope ya mashamba wakati wa masika: Mipira yenye meno mazuri hutangulia. Difu bora juu ya mipira iliyolika haina faida.

Anayeiacha lami kwa nadra hana haja ya kununua difu maalumu.

3. Aina za difu

Difu ya kawaida: Ni nyepesi kuitunza, na huwatosha watumiaji wengi.

Difu ya kupunguza mtelezo, ambayo mafundi huiita LSD: Hupeleka sehemu ya nguvu kwenye gurudumu lililoshika ardhi bila ya dereva kufanya lolote. Inafaa kwa matope na vijia vya kokoto, lakini gurudumu likiwa hewani kabisa msaada wake hupungua. Nyingi huhitaji oili maalumu iliyoandikwa LSD, na visahani vyake huchakaa.

Difu yenye loki: Dereva akibonyeza kitufe, magurudumu mawili huzunguka kama kitu kimoja. Itumike kwa mwendo mdogo, katika ardhi laini au ya mawe tu. Ikiachwa imefungwa kwenye lami, gari hugoma kukata kona.

Difu iliyochomelewa: Baadhi ya mafundi huchomelea gia za ndani ili kupata loki ya bei ndogo. Usikubali. Mipira huliwa upesi, shafti huweza kukatika, na kwenye lami iliyoloa nyuma ya gari huweza kuteleza ghafla.

4. Uwiano wa gia: kosa linalogharimu zaidi

Kila difu ina uwiano wake. Krauni yenye meno 41 na pinioni yenye meno 10 hutoa uwiano wa 4.1, meno 43 kwa 10 hutoa 4.3. Kwa macho, difu hizo mbili hufanana.

Katika gari linaloendeshwa kwa magurudumu manne, uwiano wa nyuma lazima ulingane na wa mbele. Usipolingana, ekseli moja hutaka kwenda mbio kuliko nyingine, na mipira au gia za kugawia nguvu ndizo hulipa. Hatari ni kwamba, katika magari ambayo dereva ndiye huunganisha magurudumu ya mbele, kosa hili halionekani wakati wa majaribio mjini. Hujitokeza siku ya kwanza unapoyaunganisha yote manne, pengine ukiwa mbali na fundi.

5. Kagua kabla ya kulipa

Nakili herufi na namba zinazohusu ekseli kutoka kwenye kibati cha utambulisho cha gari, uende nazo dukani.

Kama difu imefunguliwa, hesabu meno ya krauni na ya pinioni, kisha gawanya. Kama imo garini, fundi azuie magurudumu ya mbele, ainue ya nyuma yote mawili juu ya stendi imara, injini ikiwa imezimwa na gia ikiwa huru. Magurudumu yakizungushwa pamoja mzunguko mmoja, idadi ya mizunguko ya shafti ya propela ndiyo uwiano.

Zungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili likigeuka kinyume, huenda hiyo ni difu ya kawaida, hata kama muuzaji ameiita LSD.

Tazama oili. Chembe kubwa za chuma ni dalili ya meno yaliyovunjika. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji.

Hakikisha idadi ya meno ya shafti inalingana na ya gari lako.

6. Baada ya kufunga

Ekseli yenye joto ikiingia ndani ya maji hupoa ghafla na kuvuta maji ikiwa mpira wake wa kupumulia umepasuka au mihuri imechoka. Baada ya kupita majini, kagua oili. Baada ya kupita pwani, osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo ya chumvi.

7. Haki yako

Dai risiti inayotaja aina ya difu, uwiano wake, kama ni mpya au imetumika, na muda wa dhamana. Neno la mdomo ni gumu kuthibitisha. Ukipewa kisichokuwa ulichoelezwa, usikifungue wala kukibadilisha. Kirudishe na risiti kwa muuzaji. Mkishindwa kuelewana, peleka lalamiko kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, ukiwa na risiti, picha na maelezo ya fundi.